Koti la Ukuta wa Mashariki

Emiliana, mama,

Shikamoo yako ya asubuhi niliipokea, na ya mchana pia, kwa hiyo humu salamu nimezipunguza. Najua tuko nyumba moja na bado nakuandikia kama mtu aliye mbali. Usicheke. Mdomo wangu unaujua: ukiufungulia jambo zito unatoa utani, watu wanacheka, jambo linapita. Kalamu sijaizoea kiasi hicho, labda itatii. Wewe umekwenda Nangwa kumuaga shangazi yako. Mama yako yuko nyuma anachambua maharage, anaapa kwamba Dodoma maharage hakuna. Mimi nimekaa mlangoni na daftari, jua bado liko juu, na mwandiko ni ule ule wa darasa la nne, maana ndipo tulipoachana na mwalimu.

Mambo ya kula, ya sweta, ya kushika begi vizuri stendi, na ya wanaume wanaocheka meno yote nje, sikuandikii. Mama yako ameshayasema na atayasema tena kwa simu mpaka salio liishe. Mimi nakuandikia habari ya ukuta mmoja tu. Ni ule wa mashariki, wa jengo la wazazi pale zahanati yetu, uliojengwa na fundi mashuhuri, yaani baba yako.

Kesho unaondoka na ule ukuta ndani ya kompyuta. Sitaki uondoke nao ulivyo sasa.

Unakumbuka siku mlipokuja, wewe na wenzako wa kazini, na mashine yenu ya miguu mitatu ya kupimia majengo. Kijiji kizima kilijaa uani. Mlitoa vitanda, mkaisimamisha nje, kisha katikati ya wodi, mkapanga yale mapira meupe ya alama kwenye kona, ukatangaza kwa sauti ya kiserikali kwamba watu watoke. Mashine ikaanza kuzungusha kichwa polepole, kama bundi aliyeulizwa swali gumu. Mzee mmoja akaninong'oneza akiuliza kama inapiga picha za mifupa. Nikamwambia ndiyo, na inaonyesha pia nani alikula mbuzi wa jirani. Aliondoka mbio, na mpaka leo hajarudi kuuliza matokeo.

Mimi sikutoka. Nilikuwa nazunguka nyuma ya mashine yako, nikihama nayo inapogeuka, nikijiona mjanja. Siku ya pili ukanionyesha kwenye kompyuta kile ilichokiona. Nikaona jengo langu limegeuka vidoti, vidoti visivyo na hesabu, kama unga uliorushwa hewani ukakataa kuanguka. Ukaniambia kila kidoti kimepimwa, mwanga umetoka kwenye mashine ukagonga pale ukarudi na umbali wake.

"Hapa dirisha, baba. Hapa taa. Na huu moshi hapa ni wewe."

Nikatazama. Kiatu kimoja, nusu ya kofia, katikati hamna kitu.

"Mbona umenikata?"

"Ulikuwa unatembea. Aliyetulia anatokea mtu kamili, anayezungukazunguka anatokea hivyo. Lakini usijali, watu huwa tunawafuta, tunabaki na jengo."

"Nimekusomesha ili unifute?"

Tukacheka wote. Halafu ukanieleza sehemu ya pili, ambayo ndiyo kazi yenyewe. Unafuata vile vidoti, unajenga upya juu yake, ukuta kwa ukuta, mlango kwa mlango, mpaka jengo lote linasimama humo ndani. Na kila ukuta ukiugusa unakutolea habari zake: unene, urefu, umejengwa kwa nini. Nikasema, kumbe na ukuta siku hizi una kadi ya kliniki. Ukafurahi. Nilikuona unavyofurahi, na mimi nikafurahi kwa sababu binti yangu amekuwa fundi asiyechafuka.

Sasa, Jumapili. Tulikuwa tumetoka kanisani, umekaa pale mezani, chai inapoa. Ukaniita.

"Baba, njoo uone. Ukuta wa mashariki mbele una sentimita ishirini na tano. Kule nyuma una arobaini na sita. Unanenepa kidogo kidogo njia nzima. Ulifanyaje?"

"Jengo la wazazi hilo. Ukuta ulishika mimba."

"Baba, nijibu."

Na mimi, Emiliana, badala ya kukujibu nikasema nini? Nikasema, "Si una mashine ya kunyoosha hapo? Mnyooshee baba yako."

Nilidhani utabisha, maana kubisha ulizaliwa nako. Ukasema tu kwamba hata programu yenyewe inapenda ukuta ulionyooka, ukuta wenye kitambi unasumbua kuuchora. Ukasogeza kidole. Ukuta ukawa na arobaini na sita sawasawa toka mwanzo hadi mwisho, mzuri, kama umetoka dukani. Uliufanya kwa heshima yangu. Na mimi nikanywa chai yangu hadi chini nikaongeza nyingine.

Jumanne ukapigiwa simu na bosi wako, ukaweka sauti kubwa kwa sababu mtandao wetu huku unakuja na ukungu wa mlima na kuondoka nao. Nilimsikia mwenyewe. Alisema juu ya jengo watamwaga zege waweke matangi ya maji, na upande utakaobeba ni wa mashariki, kwa kuwa ukuta wake ni mnene. Ukasema, "Ndiyo, bosi." Halafu ukanitazama. Mimi nikatazama kuku.

Yule kuku sikumwona, mama. Nilikuwa naona vitanda. Kwenye ukuta ule ndiko wanakolala waliokwisha kujifungua, kwa sababu asubuhi jua linaingia huko kwanza.

Kwa hiyo nakujibu swali la Jumapili. Nimechelewa siku nne juu ya miaka yote ya umri wako.

Wakati tunaanza msingi wa jengo lile, mimi nilikuwa fundi kijana mwenye futi ya chuma, ile ya kuvuta ikajirudisha yenyewe. Hapa kijijini ilikuwa peke yake. Niliivaa kiunoni hata kanisani. Wengine walivaa saa, mimi nilivaa futi. Basi asubuhi ya kupima msingi nikaingia chooni, nikachuchumaa, na futi ikachomoka kiunoni ikaenda chini. Niliisikia. Ilijifungua njiani, ikalia *trrrr* mpaka mwisho, ikanyamaza.

Nje kulikuwa na watu wanasubiri. Wanakijiji waliobeba mawe, mwenyekiti wa wakati ule, mama yako na ndoo ya maji. Ningeweza kutoka nikasema, jamani, futi imeingia chooni, tuahirishe, mtu aende Katesh kununua nyingine. Wangecheka mpaka jioni. Ningeitwa Fundi Choo mpaka kufa. Niliona ni bora kupima bila futi.

Kulikuwa na rafiki yangu Gidamis, mfugaji wa kule tambarare, alikuwa amekuja kutazama. Alikuwa na ugwe wa ngozi ya ng'ombe, mrefu, wa kufungia ndama. Nikauomba. Babu yangu alijenga nyumba zetu za zamani, zile zilizozama nusu ardhini, kwa ugwe kama ule ule na hakuna iliyomshinda. Nikaufunga vifundo: hapa tatu, hapa nne, hapa tano, ili nipate kona ya mraba. Gidamis akanishika mkono.

"Huu ni ngozi," akasema. "Ukinywa maji unalala, unarefuka. Ukikauka unajikunja. Mimi nafungia ndama, sipimi."

"Wewe chunga ng'ombe, mimi nachunga mawe."

"Haya. Lakini ng'ombe akipotea anarudi."

Asubuhi ile mvua ilikuwa inanyunya, manyunyu ya huku ambayo huyasikii mpaka umelowa. Nikapima ukuta wa mbele. Ugwe umelowa, umelala, nauvuta unakuja. Mvua ikakata. Tukaenda kula makande. Ugwe nikauanika juu ya uzio, na jua likatoka kali kama linadai kitu. Tuliporudi nikapima ukuta wa nyuma kwa ugwe ule ule, vifundo vile vile. Unaona mwenyewe kilichotokea, wewe uliyesoma. Mbele ikawa ndefu, nyuma ikawa fupi, na mimi nikapiga kamba, nikachimba, nikaimba.

Babu yangu hakukosea kwa sababu nyumba zake hazikuwa na kona za kujivunia. Hilo nililielewa baadaye sana.

Kosa sikuliona mpaka tumefika juu kabisa, seremala amepandisha kenchi za paa na papi za kupigia bati. Mbele papi zimekaa juu ya ukuta vizuri. Nyuma, upande wa mashariki, zimepitiliza nje kwa shibiri nzima, zinaning'inia. Seremala akanitazama kutoka juu.

"Fundi, paa lako limezidi au ukuta wako umekimbia?"

"Liache hivyo. Namalizia."

Nikamalizia. Nilichukua matofali yaliyovunjika, mawe, na udongo, nikaupandishia ukuta wa mashariki ukuta mwingine kwa nje, umeanza na upana wa kidole kule mbele, umeishia shibiri kule nyuma. Msingi hauna. Umekaa juu ya ardhi tu, kama mtu aliyekaa kwenye kigoda cha kuazima. Na ukuta wa kwanza haujashikana nao, wamesimama tu bega kwa bega kama ndugu waliogombana kwenye msiba. Juu yake nikapiga lipu ya saruji, laini, safi. Ukiutazama kwa nje umenyooka kabisa. Mama yako alikuwa analeta maji ya udongo. Akasimama, akaweka ndoo chini.

"Mbona huo ukuta unauvalisha koti na jua linawaka?"

"Kuna baridi inakuja."

"Inamjia nani?"

Nilimwambia anyamaze. Unamjua mama yako, ni mwanamke anayeweza kuzungumza na sufuria. Lakini hilo moja alilinyamazia, mpaka leo. Na kimya chake kimenisema kuliko maneno yake yote.

Basi hiyo ndiyo mimba ya ukuta, mama. Mashine yenu ina macho makali, lakini inaona ngozi. Vidoti vyako havisemi uongo: unene upo, sentimita arobaini na sita, pima hata mara kumi. Haioni kwamba nusu ya unene ule ni koti. Pale ukuta unapoonekana mnene ndipo ulipo dhaifu. Na mpaka leo asubuhi tuliojua hilo tulikuwa wawili, mmoja anachambua maharage.

Nikuambie lingine, maana nimekwishavua shati, nivue na lililobaki. Wewe ulizaliwa mle. Jengo lilikuwa halijamaliza mwaka, mvua za kwanza ndiyo zimeshuka. Mama yako alilazwa asubuhi, kitanda cha pili toka dirishani, mgongo kwenye ukuta ule. Mimi nilikuwa nje. Upepo ulikuwa unashuka mlimani, na mimi nikaegemeza mgongo wangu kwenye koti langu, miguu nimeikita kwenye tope, nasukuma. Nilimuomba Mungu wa kanisani, na Looa wa bibi yako nikamuomba pia, kwa sababu siku hiyo sikuwa na muda wa kuchagua dini. Mpaka mchana uliponisikizisha sauti yako, nimesimama pale pale. Wanawake waliopita wakasema, tazama mwanaume anavyompenda mkewe, hataki hata kukaa. Wakanisifu kijiji kizima. Kumbe mimi nashikilia ukuta.

Sifa ile iliniuma kuliko tusi lolote nililowahi kupata, na nimepata mengi mazuri.

Na kila mwaka, mvua zikiisha, umeniona nikibeba ndoo ya saruji na mwiko kwenda zahanati. Ulikuwa unanifuata ukiwa mdogo, unaniuliza tunakwenda kufanya nini, nakuambia tunakwenda kuliosha jengo uso. Watu wanasema, mzee anapenda kazi yake. Nilikuwa naziba ufa. Upo chini kwenye kona ya nyuma, mvua inalamba udongo, koti linashuka kidogo, ufa unafunguka. Mwaka huu nimeziba mara mbili. Mara ya pili ilikuwa wiki moja kabla mashine yako haijafika, ndiyo maana ilikuta uso umeoshwa.

Aibu ya futi kuingia chooni ingekwisha kwa dakika tano. Nimeikataa, na badala yake nimelea hii nyingine, ina umri wako sawasawa. Tofauti ni kwamba wewe umesoma na hii imenenepa tu. Wazee husema mficha uchi hazai. Mimi nilificha wangu kwenye jengo la kuzalia, ndipo uone nilivyo na akili.

Sikuhubirii. Nikitaka mahubiri najua pa kwenda, na huwa nasinzia. Nakuambia tu mahali nilipoteleza, kwa sababu Jumapili nilikuona unateleza hapo hapo, na aliyemwaga maji ni mimi. Nilikuona unavyosogeza kile kidole. Uso wako ulikuwa uso wangu siku ile naanika ugwe. Watakuja wengine huko uendako, mama, wenye viti vya kuzunguka na sauti nzuri, watakuambia nyoosha kidogo, programu inapenda hivyo. Na wewe utakumbuka kwamba uliwahi kunyoosha kwa ajili ya baba, kwa hiyo mkono utakuwa umeshajua njia. Hiyo ndiyo inayoniondolea usingizi wa mchana, na mimi usingizi wa mchana siuchezei.

Nimeamua, na nikiamua unanijua, hata mama yako husogea.

Leo asubuhi ulipokuwa unapanga nguo nilikwenda kwa nesi. Nikamweleza yote, toka chooni mpaka koti. Aliziba mdomo kwa mikono miwili, sijui alikuwa anacheka au analia, nadhani vyote. Amesema wodi ina mzazi mmoja tu na mtoto wake, na jioni hii anawahamishia chumba cha chanjo. Kutoka hapo nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Yeye hakucheka.

"Mzee, jengo limesimama miaka yote hii. Kwa nini usiliache lisimame?"

"Halijawahi kubebeshwa matangi."

"Wataliandika jina lako huko wilayani."

"Waliandike vizuri basi, watu huwa wanalikosea."

"Utachekwa, mzee. Umri huu."

"Mwenyekiti, kucheka nimewanyima mwenyewe kwa miaka mingi. Kesho mcheke mpaka mchoke, nawadai ninyi au ninyi mnanidai, sijui."

Akakuna kidevu. Halafu akauliza, "Saa ngapi?" Nikajua amekubali.

Saa moja asubuhi. Gari lenu linapita pale kabla ya kushuka barabara ya Katesh. Kwa hiyo kesho ukiamka usinitafute hapa nyumbani wala usimwambie mama yako aniite kwenye uji. Anajua niliko. Nilipomwambia leo aliendelea kuchambua maharage, halafu akasema, "Tindo iko nyuma ya mlango wa stoo, niliinoa juzi." Juzi, Emiliana! Mimi nimeamua jana.

Nitakuwa kwenye kona ya nyuma, kwa nje, na tindo na nyundo. Natoboa lipu tundu la ukubwa wa dirisha dogo, mpaka koti lionekane na ukuta wa kweli uonekane nyuma yake, na pale chini nafukua udongo mpaka kila mtu aone kwamba msingi haupo. Mwambie dereva asimame. Teremsha mashine, panga mapira yako, zungusha bundi wako. Akilalamika kuhusu muda, mwambie ni agizo la mwenye jengo, mimi nitamtania mpaka asahau.

Halafu ile kadi ya kliniki ya ukuta wa mashariki uifute uandike upya. Rudisha kitambi chote kama vidoti vilivyosema. Andika ukuta wa kweli ni sentimita ishirini na tano, kilichozidi ni koti la udongo lisilo na msingi, lisibebeshwe kitu. Na bosi wako akiuliza umejuaje, maana mashine haioni ndani, andika na hilo: fundi aliyejenga amesema mwenyewe, na ametoboa. Andika jina langu lote. Bosi akikasirika kwamba Jumanne ulisema ndiyo, mwambie ulikosea, kwa mdomo wako, siku hiyo hiyo. Itauma kama dakika tano. Nakuhakikishia ni tano, mimi nimeipima ile nyingine.

Barua hii naiweka juu ya kompyuta yako, mahali ambapo huwezi kuacha kuifungua.

Na mashine itakapoanza kuzunguka usiniambie nitoke. Safari hii sitazungukazunguka nyuma yake. Nitasimama kando ya lile tundu, kofia nimevua, tindo chini, nimetulia kama jiwe la msingi, ili nitokee mtu kamili.

Nikishatokea, usinifute.

Baba yako,
fundi wa ukuta wa mashariki